Mzigo Unaoharibika Hupotelea Kwenye Kungoja

Leo tuna habari ya malori yanayopita mbele ya milango yetu hapa Nakuru na Nyandarua kila siku, yamebeba maua, maziwa, njegere, maharagwe machanga na mboga za majani. Mizigo hii yote ina sifa moja: ikishatoka shambani, inaanza kuharibika, na haingoji mtu. Sasa nawauliza: inakuwaje masanduku mawili ya waridi yakatwe asubuhi moja, kutoka shamba moja, kisha moja lifike Uholanzi likiwa bichi na jingine lifike limechoka? Jibu nitakalolitetea leo ni hili. Sehemu kubwa ya hasara yetu imejificha kwenye saa za kungoja, na saa hizo hatutaziona mpaka tuzipime, kisha tulinganishe vipimo vyetu na vya wenzetu, hatua kwa hatua. Nitalirudia neno hili mara kadhaa, kwa hivyo ukipitwa mwanzoni usijali.

Kwanza tuifuate safari yenyewe. Waridi la Naivasha hukatwa asubuhi mapema, hutiwa kwenye maji yenye dawa, hupelekwa chumba cha baridi linywe na kupoa, halafu hupangwa kwa urefu na ubora, hufungwa mafungu na kuwekwa katika masanduku. Kisha hurudi kwenye baridi kungoja lori. Lori hushika barabara hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Huko mzigo hupokewa na wakala, wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, huuangalia, forodha humaliza karatasi, masanduku hupangwa kwenye paleti, na ndege huondoka kwenda Amsterdam au Liège. Haya, hebu tupige hesabu nyepesi. Kutoka Naivasha hadi uwanja wa ndege ni kama saa 2 au 3 barabara ikiwa wazi. Ndege hadi Uholanzi ni takriban saa 8. Kutoka uwanja wa Schiphol hadi soko la mnada la Aalsmeer ni mwendo mfupi sana. Ukijumlisha, mzigo unasafiri kwa muda usiozidi nusu siku. Lakini kutoka kukatwa hadi kuuzwa, kwa kawaida zinapita siku 2, 3 au zaidi. Je, saa zile nyingine zote ua lilikuwa wapi? Baadhi lilikuwa linafanyiwa kazi ya lazima, maana ua lazima linywe, lipoe, lipangwe na likaguliwe. Zilizobaki lilikuwa limekaa tu. Limengoja lori, limengoja mlango wa ghala, limengoja karatasi, limengoja nafasi kwenye ndege. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mzigo unaoharibika, ngoja ngoja huumiza mfuko pia.

Kwa nini kungoja kunaumiza hivyo? Kwa sababu ua lililokatwa bado linapumua. Linatumia akiba yake ya sukari kujiweka hai, na kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyoila akiba hiyo kwa kasi. Wataalamu wa mazao wanatuambia kuwa joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara 2 au hata 3. Ukilirudisha ua kwenye baridi baadaye, halirudishiwi kilichokwisha kuliwa. Isitoshe, sanduku linalotoka baridi, likapata joto, likarudi baridi, hutoa unyevu ndani, na unyevu huo ndio unaokaribisha ukungu wa kijivu unaoozesha vitumba. Ndiyo maana wenye maua hupima muda na joto kwa pamoja. Wanachukua joto na kulizidisha kwa saa. Sanduku lililokaa saa 10 katika nyuzi 2 lina jumla ya 20. Sanduku lililokaa saa 1 tu sakafuni, kwenye nyuzi 20, nalo lina jumla ya 20. Hiyo ni hesabu ya kukadiria, lakini inatosha kutufungua macho. Saa moja nje ya baridi inakula kama saa kumi ndani ya baridi. Mteja wa Uingereza au Ujerumani aliyeahidiwa na duka lake kwamba ua litadumu wiki nzima kwenye chombo haulizi saa hiyo ilipotelea wapi. Yeye ataona ua limeinama siku ya 4, na safari ijayo atanunua la mwingine.

Basi tunaingia kwenye kiini cha mazungumzo yetu: kujipima kwa kujilinganisha. Maana yake ni rahisi. Unachagua hatua moja ya kazi, unaipima kwa kipimo kile kile kila siku, unatafuta mwenzako anayeifanya vizuri zaidi, unauliza anaifanyaje, kisha unarekebisha yako. Zingatia neno hilo, hatua moja. Tuseme kuna mashamba mawili ya maua, tunayabuni hapa kwa ajili ya hoja tu. Yote mawili hufikisha mzigo uwanja wa ndege baada ya saa 20 tangu kukata. Ukitazama jumla, utasema yako sawa. Lakini ukizipasua zile saa 20, unaona la kwanza huchelewa kupeleka maua kwenye baridi baada ya kukata, ila lori lake huondoka kwa wakati. La pili hupoza mara moja, ila masanduku yake hukaa kwenye jukwaa la kupakilia yakingoja lori lijae. Kila moja lina cha kumfundisha mwenzake, na jumla peke yake isingewaonyesha. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lenyewe lazima liwe na safu ya kila hatua.

Mtu aweza kuuliza: je, jambo hili limewahi kufanyika popote likazaa matunda, au ni maneno ya semina? Limefanyika, tena hapa hapa kwetu. Barabara hii inayopita Naivasha, Gilgil na Nakuru ni sehemu ya Ushoroba wa Kaskazini, njia kuu ya mizigo kutoka Mombasa hadi Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo mashariki. Mamlaka ya kuratibu ushoroba huo, yenye makao Mombasa, ina kitengo cha uangalizi ambacho kazi yake ni kupima: mzigo unakaa bandarini muda gani, unachukua muda gani kufika Malaba, unapoteza muda gani kwenye mizani na mpakani. Mwaka 2014 taasisi zinazohudumia bandari ya Mombasa, za serikali na za binafsi, zilitia saini mkataba wa pamoja, kila moja ikaandika ahadi zake, na matokeo yakawa yanachapishwa ili kila mtu ayaone. Wakati huo huo nchi za Afrika Mashariki zilianza kutoza ushuru mahali pamoja. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikichukua takriban siku 18, ilishuka hadi siku chache tu. Je, lori lilianza kukimbia mara nne zaidi? La hasha. Lori ni lile lile na mlima ni ule ule. Kilichopungua ni kusimama. Taratibu mpya ndizo zilizopunguza kusimama, nalo jambo hilo nalikubali. Lakini ni vipimo vilivyoonyesha waziwazi mzigo unasimama wapi, na ni vipimo vinavyotuambia kila mwaka kama tumeteleza tukarudi tulikotoka.

Kuna mfano mwingine wa kutoka mbali, nao una funzo la pekee. Kampuni ya Marekani iitwayo Xerox, iliyojulikana kwa mashine za kunakili, mwishoni mwa miaka ya 1970 ilijikuta Wajapani wanauza mashine kwa bei inayokaribia gharama yake yenyewe ya kutengeneza. Ikaanza kujilinganisha kwa utaratibu. Ilipofika kwenye kazi ya maghala, haikuishia kwa washindani wake. Ilienda kujifunza kwa L.L. Bean, kampuni inayouza nguo na viatu vya matembezi kwa posta, kwa kuwa watu hao walikuwa mahodari wa kuchukua bidhaa rafuni na kuzifungasha. Funzo ni nini kwetu? Mwenye waridi Naivasha si lazima amwige mwenye waridi mwenzake tu. Chama cha ushirika cha maziwa Nyandarua hukusanya maziwa kila asubuhi kutoka kwa wafugaji mamia, kwenye barabara za matope, na maziwa hayo yasipofika kwenye tangi la kupozea mapema yanakataliwa. Watu hao wanajua kupanga njia za ukusanyaji, wanajua kupima mlangoni, wanajua njia ipi huleta maziwa yaliyoharibika. Mwenye maua anaweza kujifunza kwao jinsi ya kukusanya, nao wakajifunza kwake jinsi ya kurekodi joto. Utajiri huo wa maarifa uko ndani ya kaunti mbili jirani, nao hautumiki.

Sasa, msikilizaji, najua una mapingamizi, na ni haki tuyajibu. Pingamizi la kwanza: mshindani wangu nitampaje siri zangu? Hoja hii ina uzito, kwa sababu bei na majina ya wateja ni mali ya mtu. Lakini saa ambazo sanduku limekaa jukwaani si siri ya biashara. Ni hasara, na hasara haina sababu ya kulindwa kama hazina. Katika usafiri wa ndege, mashirika yanayoshindana vikali pamoja na mawakala wao yaliunda mwaka 1997 umoja ulioitwa Cargo 2000, leo Cargo iQ, ili kupima kwa kanuni moja kama mzigo umefika kila kituo kwa wakati ulioahidiwa. Bado wanashindana, lakini wanajua kila mmoja anasimama wapi. Kinachohitajika ni mtu wa kati anayeaminika, wa kupokea takwimu, kuondoa majina, na kurudisha jibu: wastani wa eneo ni huu, aliye bora ni huyu asiyetajwa, wewe uko hapa. Kwetu mtu huyo anaweza kuwa Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, chenye wataalamu wa kilimo, wakishirikiana na Baraza la Maua la Kenya na vyama vya wauza mboga nje. Hilo ni pendekezo langu, na nadhani linawezekana bila jengo jipya wala bajeti kubwa.

Pingamizi la pili: haya ni mambo ya wakubwa, mimi nina ekari mbili za njegere Kinangop. Ndugu yangu, wewe ndiye unayehitaji kujipima zaidi, kwa sababu huna akiba ya kumeza hasara. Nawe huhitaji mtambo. Unahitaji daftari, simu yenye saa, na kipimajoto cha bei nafuu mnachoweza kununua kwa pamoja kikundini. Andika: tulichuma saa ngapi, mzigo ulikaa kivulini au juani, gari lilikuja saa ngapi, kilo ngapi zilikataliwa na kwa sababu gani. Baada ya mwezi mmoja kikundi chenu kitajua kama kilo zinakataliwa zaidi siku gari linapochelewa. Jambo la kuchunga ni kipimo chenyewe kiwe kimoja. Wakulima wa viazi wa Molo na Kuresoi wanaielewa hoja hii kuliko wengi. Kwa miaka mingi wameuza kwa magunia yaliyoongezwa kofia, yaani yaliyojazwa kupita mdomo, kila mnunuzi na gunia lake, hata bei ya soko moja na nyingine haikuweza kulinganishwa. Kanuni za mwaka 2019 zilizosisitiza gunia la kilo 50 zilikusudia kuliponya tatizo hilo. Utekelezaji umekuwa mgumu, lakini msingi wake ni wa kweli: bila kipimo kimoja hakuna ulinganisho, na bila ulinganisho mwenye nguvu ndiye anayeamua.

Pingamizi la tatu: kutulinganisha na Uholanzi au Ethiopia ni kutuonea, wenzetu wana barabara zao, ndege zao na sera zao. Nakubaliana nusu. Kulinganisha jumla na jumla ni uonevu kweli. Kulinganisha hatua na hatua si uonevu. Muda wa kutoka kukata hadi chumba cha baridi hautegemei ndege wala bandari, unategemea shamba. Muda wa mzigo kukaa baina ya lori na ghala la wakala hautegemei sera ya Ulaya. Na mtu wa kwanza wa kujilinganisha naye ni wewe mwenyewe wa mwezi uliopita. Tena vigezo lazima vifanywe upya, kwa maana dunia haitulii. Wanaopeleka maua na parachichi kwa meli kupitia Mombasa, katika kontena zenye friji, walikuwa wamezoea njia ya Bahari ya Shamu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika bahari hiyo yalisukuma meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na siku za safari zikaongezeka sana. Vivyo hivyo, tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya umekaza masharti juu ya nondo waharibifu wanaoweza kujificha kwenye waridi, kwa hivyo ukaguzi wa shambani na wa kwenye ghala umekuwa mzito zaidi. Kigezo cha miaka mitatu iliyopita kitakudanganya. Daftari la wiki hii ndilo la kweli.

Pingamizi la nne ndilo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote. Ukimpima mtu kwa saa, atakimbiza saa. Dereva akiambiwa atalipwa kwa kufika mapema, atakanyaga mafuta, na sisi wa eneo hili tunajua Salgaa na Sachangwan zimemeza watu wangapi. Mfanyakazi wa kupanga maua akipimwa kwa idadi ya mashina tu, ataacha ua bovu lipite, au ataumia mikono. Ndiyo, hatari hiyo ipo. Dawa zake ni mbili. Kwanza, kila kipimo cha kasi kiwe na mwenzake wa usalama au ubora: muda pamoja na ajali, mashina pamoja na yaliyorudishwa. Pili, na hapa narudi kwenye neno letu la mwanzo, tunachotaka kupunguza ni saa za kungoja, si saa za kuendesha wala saa za kufanya kazi vizuri. Dereva ambaye hakungojeshwa saa 3 getini hana haja ya kuzifidia kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Kupunguza kungoja kunampa nafasi ya kwenda polepole. Kwa hivyo mpime msimamizi wa jukwaa na ratiba ya kampuni kabla hujampima dereva.

Na la mwisho: wako watakaosema shida yetu ni serikali, barabara na mizani, basi serikali itengeneze kwanza. Ni kweli barabara ni ya serikali, na mizani ya Gilgil haiko mikononi mwa mkulima. Lakini fikiria tofauti ya malalamiko mawili. Wa kwanza anaingia ofisini akisema, mnatuchelewesha. Wa pili anaingia na daftari la miezi sita la malori ya mashamba kumi, akisema, siku za Jumatano na Alhamisi kabla ya tarehe 14 Februari, kuchelewa kwetu kwa wastani ni hivi, na hutokea mahali hapa, katika saa hizi. Yupi atajibiwa? Yule wa pili hata akinyimwa jibu, anaweza kulipeleka daftari lake kwa bunge la kaunti, kwa vyombo vya habari, au kwa hao hao waliotia saini mkataba wa Mombasa. Tukumbuke Aprili 2010, jivu la volkano ya Iceland lilipofunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, maua ya Naivasha yakatupwa na vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Tukumbuke Machi 2020, korona ilipofunga masoko. Mambo hayo hayakuwa mikononi mwetu, na yatakuja mengine. Lakini shamba lililobana hasara yake ya kila siku huwa na pumzi ya kustahimili msiba mkubwa, na anayeumia kwanza shamba linapokosa pumzi ni kibarua wa Karagita au Kasarani kule Naivasha, ambaye kodi ya nyumba haimsubiri.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu unakaribia kwisha, kwa hivyo niyakusanye. Tumesema mzigo unaoharibika hupotelea kwenye kungoja kuliko kwenye safari. Tumesema kungoja hakuonekani mpaka kupimwe kwa muda na kwa joto, hatua kwa hatua. Tumesema kipimo kiwe kimoja, kiwe cha karibuni, na kiwe na mwenzake wa usalama na ubora. Na tumesema tulinganishe na wenzetu kupitia mtu wa kati tunayemwamini. Ombi langu kwa kila shamba, kila chama cha ushirika na kila kikundi kinachotusikiliza ni moja. Kuanzia Jumatatu andikeni mambo matatu tu kwa kila mzigo: saa ulipovunwa, saa ulipoingia kwenye baridi au ulipopakiwa, na kiasi kilichokataliwa. Fanyeni hivyo kwa wiki 4, kisha mkae na jirani mmoja mliye na biashara ya namna moja, mfungue madaftari yenu pamoja. Mkiona tofauti, msianze kulaumiana. Ulizeni aliye mbele anafanya nini. Viongozi wa kaunti za Nakuru na Nyandarua, nanyi wataalamu wa Egerton, mkiona vikundi vimeanza, vipokeeni na mviunganishe.